Vipepeo kwa Kamera ya Shubiri Moja

Tangu nirudi sijanywa kahawa kwa amani. Nikikaa tu barazani, kabla dele halijanifikia, mmoja wenu huniuliza: "Ehe, uso wa mama yako mdogo umeuleta?" Nami huanza kueleza habari za vipepeo, nanyi hutazamana. Nimeona afadhali niandike yote, kisha karatasi hizi zizunguke pamoja na vikombe. Habari za tikiti na mihuri nimeziacha. Hazikunifundisha kitu, isipokuwa kwamba Mfaransa naye hupenda mihuri kama Mwingereza.

AGIZO

Mama alikuwa na ombi moja. Mdogo wake, Bi Salma, aliolewa na mfanyabiashara wa Mahajanga akiwa msichana, akapanda meli, asirudi tena. Salamu zake zilikuja kwa midomo ya mabaharia: amejenga, amefiwa na mtoto, anakusalimu sana. Uso wake haukuja. Sasa mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kila mwezi dunia yake inapungua upana.

"Wewe una kamera na huna kazi," aliniambia. Mimi huandika makala magazetini. Mama hajapata kuihesabu hiyo kuwa kazi. "Nenda kaniletee uso wa Salma, niuone maadamu naona."

"Nitamjuaje? Alipoondoka sijazaliwa."

"Sikio lake la kushoto. Siku bibi anatutoga masikio mimi nilitangulia, nikanyamaza kama mtu mzima. Ilipofika zamu ya Salma nikamkunjia uso nyuma ya mgongo wa bibi. Akacheka, mwiba ukaenda upande. Tundu la juu kabisa limekimbia mstari wa wenzake. Bibi alituchapa sote wawili."

Nikaweka kichwani neno moja: uso. Sikio nililiacha palepale nilipolisikia.

Kamera yenyewe ni ya Kijerumani, niliinunua kwa mhandisi aliyekuwa akirejea kwao. Huiweki jichoni. Unaishika kifuani na kuinamia kioo kilicho juu yake, kama mtu anayechungulia kisimani baada ya ndoo kuzama. Na kioo hicho hugeuza: kushoto huwa kulia. Mtu anayekwenda msikitini, humo unamwona anarudi. Mhandisi aliniambia nitazoea katika wiki moja. Alikuwa mtu wa matumaini.

ANDOANY, NISIKOKUSUDIA KUSHUKA

Meli ilitupitisha Ngazija bila kisa. Tulipofika kisiwa cha Nosy Be, kwenye mji wa Andoany ambao Wafaransa wanauita Hell-Ville, injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Abiria tukashushwa.

Nilitaka kujua tutaondoka lini. Kifaransa changu nilijifunza chuo kikuu ili nisome wanafalsafa. Naweza kumwuliza mtu kama roho hudumu baada ya mwili. Kumwuliza habari za meli ni jambo jingine. Ofisa wa kwanza alijibu kwa mabega. Wa pili alisema labda kesho kutwa. Wa tatu akasema nisiende mbali, nisikilize honi. Huyu wa tatu ndiye aliyesema kweli, na ndiye pekee ambaye sikumsikiliza.

Nilipata chumba kwa Bi Echata, mjane wa Kingazija anayekaa nyuma ya soko. Mlangoni nilimwamkia kama nilivyofundishwa melini: "Kwezi!" Naye akajibu: "Mbona!" Nikaanza kumweleza mbona: kwamba injini imeharibika, kwamba mimi nilikuwa nakwenda Mahajanga, kwamba sikukusudia kumsumbua mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu kwamba hilo ndilo jibu la salamu yao, hakuwa ameniuliza kitu.

Kingazija na Kiswahili ni ndugu, lakini ni ndugu wa kuonana matangani tu. Nusu ya maneno yake nilielewa. Nusu nyingine nilikuwa na hakika kwamba nimeielewa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Majirani walisema Kimalagasi, na kwa hao nilikuwa na tabasamu peke yake. Wao waliniita *vazaha*, jina wanalomwita mzungu, kwa ajili ya suruali na kamera. Mama akisikia atacheka mpaka ashike mbavu.

Asubuhi Bi Echata aliniandalia *mokari*, ambazo ni vibibi vyetu vilivyosafiri, na bakuli la maji ya vuguvugu ya rangi ya hudhurungi. Nikanawa mikono. Bi Echata alitazama ukutani. Baadaye ndipo nilipoona watu wote wanakunywa maji hayo baada ya chakula: ni ukoko wa wali uliotiwa maji ukachemshwa. Kesho yake aliniletea mabakuli mawili, akaniacha nichague.

Na asubuhi hiyohiyo, penye maganda ya fenesi nyuma ya jiko, alitua mgeni mwenye mikia. Mabawa yake meusi yalikuwa na michirizi ya kijani ambayo ukiinamisha kichwa huwa buluu, ukikiinua huwa kama dhahabu. Mimi si mtu wa wadudu. Nina umri wa kutosha kuwa na heshima zangu. Lakini nilijikuta nimepiga magoti katika maganda ya fenesi, kamera kifuani, na katika kioo changu nikamwona: nukta moja nyeusi katikati ya uwanja mpana wa takataka. Nikasogea. Nilipokaribia kiasi cha kuwa naweza kumgusa, kioo kikajaa ukungu. Kamera yangu ilitengenezwa kwa ajili ya harusi na milima. Ipo lenzi maalumu ya kutazama vitu vidogo kwa karibu, niliwahi kuiona katika kitabu. Kuiulizia Andoany ni kama kuulizia barafu.

Basi nilinunua sokoni kioo cha kukuzia, cha wazee wa kusomea, nikakifunga kwa uzi mbele ya lenzi. Kipepeo akakua kweli, ila katikati tu; pembeni alitiririka kama mtu anayetazamwa kwa machozi. Na uzi ulilegea. Nikafunga tena, ukalegea tena, na kioo kikaanguka bakulini mwangu, lile bakuli la ukoko.

"Nenda kwa Gulam," alisema Bi Echata. "Yeye kazi yake ni kutazama vitu vidogo na kuwatoza watu vikubwa."

FUNDI SAA

Bwana Gulam ni Karana, ndivyo wanavyowaita Wahindi kule. Baba yake aliwahi kuwa na duka Unguja, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha dukani, chenye bei zote kisicho na salamu hata moja.

"Kipepeo?" aliniuliza. "Nani atanunua?"

"Hakuna. Nataka kumpiga picha tu."

"Basi ni ugonjwa. Lete."

Aliitoa lenzi kwenye kamera, akaigeuza nyuma mbele, akaiweka jichoni na kutazama kwayo gurudumu la saa iliyofunguliwa. Akanipa nami nitazame. Nikaona meno ya gurudumu, na katikati ya meno uchafu, na katika uchafu unywele. Lenzi ileile iliyonionyesha nukta, ilipogeuzwa matako mbele ilikuwa darubini! Hakunieleza kwa nini, na nilipomwuliza alisema ni hivyo tu, mke wake pia ukimgeuzia maneno huona mbali. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani.

Nikamwomba aifunge hivyohivyo, imegeuzwa nyuma mbele. Nikasema, na ninayakumbuka maneno yangu: "Ifunge vizuri, isitoke kamwe." Nilikuwa nafikiria ule uzi.

Alikata pete katika bati la kopo la maziwa, akaipachika, akailehemu pande zote. Alifanya kazi safi.

"Haitoki," alisema. "Hata mimi siwezi kuitoa."

Nilidhani anajisifu. Alikuwa ananipa taarifa.

Nje nilijaribu kuielekeza barabarani, barabara haikuwepo. Bandari haikuwepo. Bwana Gulam mwenyewe, aliyesimama mlangoni na meno yake ya dhahabu, alikuwa utando mweupe. Kamera yangu sasa ilikuwa inaona shubiri moja mbele yake: si zaidi, si pungufu. Nilielewa hapo hapo kwamba uso wa mtu hauingii katika shubiri. Nikalifukuza wazo hilo. Mahajanga ni mji mkubwa, nilijiambia, mafundi watakuwepo. Kwanza kipepeo.

MLANGILANGI

Bi Echata alikuwa mchumaji wa langilangi katika shamba la Mfaransa mmoja. Ua la langilangi huchumwa alfajiri, kabla jua halijaiba harufu yake likabaki ua tupu. Miti hukatwa na kupindwa iwe mifupi, ifikiwe na mkono, hata shamba zima linafanana na mkutano wa wazee wenye baridi yabisi.

"Njoo nami," aliniambia. "Wakati ule mdudu wako hajaamka."

Ilikuwa kweli. Kipepeo hana moto wake mwenyewe, anangoja wa jua. Alfajiri huning'inia chini ya jani, mabawa yamelowa umande, na unaweza kumsogelea mpaka pua yako imguse. Tatizo lilikuwa mimi. Mara ya kwanza nilizungusha pete ya lenzi kutafuta ukungu uondoke, ikawa naipapasa pete iliyokufa, maana lenzi iliyogeuzwa haisikii tena pete yake. Inabidi mwili wako ndio uwe pete: unakwenda mbele unywele mmoja, unarudi nyuma unywele mmoja, na katikati ya kwenda na kurudi kuna mahali ambapo kila kitu kinang'aa, kisha umeshapapita. Nilipapita asubuhi nzima. Mara nyingine kipepeo alikuwa upande wa kulia wa kioo, nikasogea kulia, akazidi kutoroka. Nikakumbuka kioo changu hugeuza, nikasogea kushoto, nikaangukia kikapu cha mtu.

Wanawake walikuwa wamejipaka msindano usoni, ule unga wa mti wa manukato, nyuso zao za manjano zikinitazama kutoka kila mti. Mmoja alisema neno, wote wakacheka.

"Wanauliza unamsujudia nani," alisema Bi Echata.

"Waambie natafuta umbali."

Akawaambia kitu kirefu.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia mwacheni, mama yake kamtuma."

Mchumaji mmoja, dada mrefu aliyekuwa anacheka kuliko wote, ndiye aliyekuwa akiona vipepeo kabla yangu. Alinionyesha kwa kidole kilichokunjwa, ile pingili ya katikati mbele, kama mtu anayebisha hodi hewani. Niliona ni madaha. Bi Echata akanieleza kwamba nyuma ya miti ile kuna makaburi, na kule kaburi halinyooshewi kidole. Ni mwiko, kidole hukunjwa. Sikuelewa mwiko huo unaishia wapi, na kwa kuwa sikutaka kumkosea maiti yeyote, nikaanza kuonyesha kila kitu kwa kidole kilichokunjwa, hata samaki sokoni. Muuza samaki alinipa mkono wa pole.

Msimamizi wa shamba, Mfaransa mwenye kofia ya jua, alinikuta nimelala kifudifudi kwenye matone ya umande. Aliniuliza ninatoka taasisi gani. Sikuwa na Kifaransa cha kusema "ujinga wangu mwenyewe", nikasema "falsafa". Akavua kofia. Kisha akanifahamisha, kwa upole wa mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba yule mweusi mwenye michirizi ya kijani si kipepeo. Ni nondo, nondo wa mchana. Nilimshukuru. Mchana kutwa sikujua nimfanyie nini nondo kwa habari hiyo.

Lakini nilijifunza. Nilikata kijiti, nikakikita ardhini, nikaegemeza kamera juu yake. Nilifunga tundu la lenzi likawa dogo ili mwili wote wa mdudu uonekane, kukawa giza. Nikaazima kifuniko cha sufuria cha Bi Echata, nikakiegemeza kirushe mwanga wa jua chini ya jani. Nilijifunza kutoa pumzi yote kwanza na kubonyeza katika ule ukimya kabla ya pumzi nyingine. Na asubuhi moja, bila sababu ninayoweza kuieleza, kila kitu kilisimama. Niliona ulimi wake umejikunja kama kamani ya saa. Niliona bawa limeezekwa vigae vidogovidogo, safu kwa safu, kama paa la mtu tajiri, na kila kigae kina rangi yake. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikainuka nikiwa na furaha ya kijinga ambayo sikuwa nayo tangu kuoa, na ndipo nilipokumbuka kwamba filamu yangu ni ya nyeusi na nyeupe.

"Ile honi ya jana," aliniuliza Bi Echata tukirudi, "haikuwa ya meli yako?"

Ilikuwa ya meli yangu.

MAHAJANGA

Nilifika Mahajanga kwa meli ndogo ya mizigo, nimelala juu ya magunia ya sukari. Nyuki wa Nosy Be walisafiri nasi. Karibu na mji bahari ilibadilika ikawa nyekundu kama maji ya kuoshea kibuyu cha ugoro, nikadhani tumepata hasara ya mzigo, nikapiga kelele. Baharia mmoja akanionyesha mdomo wa mto: ndiyo rangi ya Betsiboka, unashusha udongo wa bara. Wenzangu wote walijua. Nilijifanya nilikuwa naimba.

Mtu wa *posiposi*, kigari cha kuvutwa kwa mikono, alinizungusha mjini huku akinieleza mambo kwa Kimalagasi, nami nikiitikia kwa Kifaransa, tulishibana sana. Nilikula mishkaki, wao husema *masikita*, ikiwa na achari ya maembe mabichi. Nikaifikia nyumba ya Bi Salma nimebeba zawadi na hotuba.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani, Mngazija, aliniambia kwa lugha niliyoielewa haraka kuliko nilivyotaka: mume wa Bi Salma amekufa. Mjane amepelekwa kwa jamaa za marehemu, kijijini Boanamary, anakaa eda.

Nilikaa juu ya sanduku langu. Nilikuwa nimekuja na hotuba ya furaha na kamera isiyoona mtu.

Nikazunguka kwa mafundi. Wa kwanza aliipiga ile lehemu kwa ukucha, akaguna kwa heshima. Wa pili alisema ataitoa, ila na kioo kitapasuka. Mwenye studio alikuwa na kamera kubwa ya miguu mitatu, na hakubali kuiazima bila yeye mwenyewe. Na mwanamume gani wa nje ataingia na miguu mitatu kwa mwanamke aliye ndani ya eda? Hata mimi, ambaye nilikuwa sielewi kitu safari nzima, hilo nililielewa.

BOANAMARY

Nilipanda lori lililokuwa linakwenda huko, nimekaa na mbuzi wa mtu. Njia nzima nilikuwa nikitunga namna ya kumwambia mama yangu: kwamba nilimwona ndugu yake, kwamba ni mzima, na kwamba badala yake nimemletea nondo.

Zaliha, binti wa kambo wa Bi Salma, alinipokea mlangoni kwa Kimalagasi na maneno machache ya Kingazija. Akanikagua kutoka viatu mpaka kamera. Akaingia ndani, nikasikia wanabishana. Kisha sauti ya mwanamke mzima ikaita, na ilikuwa sauti ya mama yangu. Nakuambieni kweli, nilitaka kujibu "Labeka mama" kama mtoto.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, katika nguo nyeupe isiyo na ua hata moja. Hakuwa na pambo wala wanja. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo ya harusi iliyotolewa sandukuni: kizima, ila kina mikunjo, na kila alipokosa neno alitia la Kimalagasi na kuendelea mbele.

"Mwana wa dada yangu," alisema. Akalia kidogo, akajifuta. "Mbona umekuwa mzee hivi?"

Nilimpa pole, nikampa salamu. Aliniuliza habari za watu ambao wengi wao nilikuwa nawajua kwa makaburi yao. Zaliha alileta *godrogodro*, kitu kitamu cha nazi chenye iliki na rangi ya hudhurungi, kama halua iliyokataa kuganda. Nilikisifu kwa kidole kilichokunjwa, kisha kwa kidole hichohicho nikamwonyesha Bi Salma nikisema mama alivyomtamani.

Akaangua kicheko.

"Hicho cha makaburi, mwanangu. Mimi bado."

Nikasema nilichotumwa: mama macho yanakwenda, anataka kuuona uso wake. Hapo Bi Salma akaanza kuvuta uzi wa mkeka. Nami nikaanza kuifuta kamera, kwa sababu zangu. Mwishowe nikaona aibu.

"Mama mdogo," nilianza, "kuna jambo kuhusu kamera hii..."

"Mwanangu," alisema papo hapo, "kuna jambo kuhusu uso huu."

"Anza wewe."

"Wewe ni mwanangu, nitazame utakavyo. Lakini picha haitoki kwako ikaenda kwa dada yangu. Kuna mtu anaiosha. Huyo ni nani wangu? Nikae ndani humu nisionwe na mume wa jirani, halafu uso wangu uoshwe na mwanamume wa Unguja katika beseni?"

Nilisoma vitabu vingi vya fikra na sikupata kukutana na hoja iliyofungwa vizuri kama hiyo. Bwana Gulam mwenyewe asingeilehemu zaidi.

"Na lako wewe?" aliniuliza.

"Kamera yangu haioni uso."

Nikamweleza: kipepeo, fundi saa, kopo la maziwa. Zaliha, ambaye nilidhani haelewi, alitoka nje kwenda kuchekea uani. Bi Salma aliichukua kamera, akainamia kioo, akaizungusha chumbani.

"Mbona naona moshi tu?"

"Inaona shubiri moja."

Akaweka mkono wake mbele ya lenzi, akausogeza, na nikamwona anashtuka: ameziona pete za ngozi kwenye kidole chake. "Subhanallah. Na mama'ko ametuma hii?" Alicheka tena, akitupa kichwa nyuma, na ushungi ukateleza begani.

Ndipo nililiona. Pembeni mwa sikio la kushoto palikuwa na mstari wa matundu, matupu, kwa kuwa mwenye eda havai pambo. Siku nyingine yoyote ya maisha yake yangekuwa yamejaa dhahabu nami nisingeona kitu. Tundu la juu kabisa lilikuwa limekimbia wenzake.

"Mama alisema alikuchekesha," nilisema.

Aligusa sikio haraka, kama mtu aliyeumwa na mdudu. "Amekumbuka? Alinikunjia uso. Hivi." Na yule mjane aliye katika eda akakunja uso wake wote, pua juu, macho kengeza, na kwa kitambo nilimwona mama yangu akiwa msichana mwovu.

"Nipe sikio," nilimwambia. "Hilo kamera inaliweza."

Alifikiri. Zaliha alikuwa amerudi, akasema kitu kwa Kimalagasi, kwa ukali. Bi Salma akamjibu, kisha akanitafsiria yote mawili: "Anasema sikio ni la kusitiriwa kuliko uso. Kweli. Lakini uso una jina. Sikio peke yake ni la nani? Huyo mwosha picha atasema ni la nani?"

"Hatasema kitu."

"Na dada yangu?"

"Atasema."

Kesho yake alfajiri akavuta ushungi, akaufunika uso wote na nywele zote, akaacha sikio peke yake katika weupe, kama mdudu aliyetua juu ya ukuta. Tulingoja jua, likiwa bado chini, liingie dirishani kwa ubavu. Niliegemeza kamera kwenye kinu. Zaliha, midomo imebana, alishika kifuniko cha sufuria mahali nilipomwambia, kisha akakisogeza mahali palipokuwa pazuri zaidi. Nilikwenda mbele unywele mmoja, nikarudi nyuma unywele mmoja.

"Usicheke, mama mdogo."

"Hilo wangemwambia mama'ko," alisema chini ya kitambaa, na sikio likatikisika.

Nikatoa pumzi. Matundu yalisimama, kila moja na kivuli chake. Nikabonyeza.

NYUMBANI

Fundi wa picha mjini kwetu alinikabidhi bahasha akiwa na uso wa mashaka. Wengi wa vipepeo wangu walikuwa ukungu wenye miguu. Mmoja tu, yule wa ulimi na vigae, alitoka safi hata vigae vyake vikahesabika. Na katikati yao, limekuzwa kama sinia nilivyoagiza, lilikuwa sikio.

"Hili bawa sikulijua ni la mdudu gani," alisema fundi. "Lina ugonjwa? Lina matundu."

Nilimwambia ni la aina ya nadra, haruki.

Mama alikaa dirishani. Nilikuwa nimeshamsimulia yote. Aliishika picha, akaisogeza karibu na jicho, akaufuata ukingo wa sikio taratibu kwa kidole, tundu kwa tundu. Alifika juu, akasimama.

"Si lake."

"Mama, nimelipiga mwenyewe."

"Hili la kulia. La Salma ni la kushoto. Umeniletea sikio la nani wewe?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nimelitazama katika kioo kinachogeuza, kwa hiyo kushoto kulikuwa kulia, au nilikuwa nimeshageuza akilini, kwa hiyo kulia kulikuwa kushoto? Nilisimama katikati ya chumba nikigeuka huku na huku, nikishika masikio yangu mwenyewe kwa zamu. Mama alinisikiliza nikihema.

Nikarudi kwa fundi. Akaitoa filamu, akaitazama taani, akasonya: aliichapa upande wa nyuma. "Bawa," alijitetea, "nani anajua kushoto kwake?" Akaichapa upya.

Jioni hiyo mama aliipokea ile ya pili. Kidole chake kilipanda tena, tundu kwa tundu, na kilipofika kwenye lile lililotoroka kikabaki hapo. Alicheka kidogo, puani, kama mtu anayekumbuka bakora ambayo ilistahili. Nilingoja aseme neno kwangu, la shukurani labda, au hata la kunitukana kwa habari ya uso.

Hakuwa na habari nami. Aliinua picha mpaka midomoni, akaikinga kwa kiganja ili nisisikie, akaanza kulinong'oneza lile sikio. Alianza na lawama, hilo nilitambua kwa sauti. Nikatoka, nikauvuta mlango. Nilipokuja kumwita chakula bado alikuwa hajafika kwenye salamu.